Mkojo Mbele ya Mkwe

Machi 2

Mvua zimeanza leo, na paa la duka limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu kabisa ya mashine ya kusagia lenzi. Bosi ameleta ndoo na kusema ataita fundi. Mwaka jana alisema hivyohivyo na ndoo ilikuwa hiihii. Nimesaga lenzi za miwani huku matone yakinipiga kisogoni, hadi mteja wa kwanza akaniuliza kilichoniliza.

Jioni nimemkuta Kiberiti akipanda ngazi za ghorofa yetu mbilimbili kama mtoto aliyefunga shule. Goti lililomtesa tangu mwaka jana limepona. Kiberiti ni mume wangu. Jina lake la kwenye cheti hata mimi huwa nalisahau, maana mji mzima unamwita hivyo: ni mdogo, mwembamba, na ukimkwaruza anawaka. Anacheza winga ya kushoto kwenye ligi kuu. Mkataba wake unaisha msimu huu, na klabu imesema itamwongezea kama goti litahimili mechi zilizobaki. Ndiyo maana nimeanza kuandika. Msimu huu nataka niukumbuke wote, uwe mtamu au mchungu.

Machi 5

Mvua. Fremu ya mzee mmoja imevunjikia mikononi mwangu. Bosi hajaona.

Machi 8

Wamecheza nyumbani, wameshinda, na Kiberiti ndiye aliyetoa pasi ya bao. Nimesikia kwa redio dukani na nimepiga kelele hadi mteja akaangusha kioo. Lakini aliporudi hakula wala hakuoga. Ameketi kwenye kiti cha plastiki pale nje ya mlango, anatazama mvua. Nikamuuliza kama ameumia, akasema hapana. Amegombana na kocha? Hapana.

"Basi mmefungwa, redio imenidanganya."

Hata hakucheka.

Machi 9

Sijui nianzie wapi. Tangu asubuhi nimekaa mdomo wazi kama mtu aliyepigwa kofi na asiyemjua.

Nieleze kwanza mambo yenyewe, nisije nikayasoma siku moja nikadhani nilikuwa naota. Baada ya mechi, watu wa vipimo huchagua wachezaji wachache kwa kura ya namba za jezi, na kuwachukua mkojo ili kujua nani anatumia dawa za kuongeza nguvu. Si suala la kwenda chooni na kurudi na kikopo. Mchezaji anapandisha jezi hadi kifuani, anateremsha kaptula hadi magotini, na mtu wa vipimo anasimama mbele yake akiutazama mkojo unavyotoka mwilini. Lazima atazame kweli, haruhusiwi kuangalia dari, maana wapo waliowahi kuingia na mkojo wa watu wengine kwenye vifuko. Jana ilitoka namba ya Nahodha wa timu na namba ya Kiberiti.

"Nikaingia," Kiberiti ameniambia leo asubuhi. "Nikachagua kikopo, nikanawa mikono. Nimeshapimwa mara nyingi, nimezoea. Nikaambiwa nisubiri shahidi wangu. Mlango ukafunguliwa, akaingia baba yako."

"Baba yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

Baba yangu alikuwa muuguzi hadi alipostaafu. Kwamba amepata kazi ya muda ya kupima wanamichezo nilikuwa nimesikia kwa Mama, kwa sababu mimi na Baba hatujasemezana tangu nilipoolewa. Wazee waliokuja kuniposa aliwarudisha wakiwa bado mlangoni, na siku hiyo pia mvua ilikuwa inanyesha. Alisema mpira ni kazi ya miguu na miguu huchakaa. Tukaoana kwa msajili, shahidi mmoja akiwa bosi wangu na wa pili Nahodha. Baba akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba yeye hana mkwe. Na akishasema, amesema.

"Alipokuona alifanya nini?"

"Alivaa glavu. Akaniambia, 'Pandisha jezi.' Kama vile hajaniona maisha yake yote."

"Na wewe?"

"Nikasema siwezi. Akasema kunywa maji, tutasubiri. Nikanywa. Nahodha akaja, akakojoa, akaondoka. Mwenzake baba yako akaniuliza, kijana, shida ni nini? Nikasema sikojoi mbele ya mzee huyu. Akauliza kwa nini. Sasa ningesema nini na yeye mwenyewe amenyamaza? Nikachukua begi nikatoka."

"Na yeye?"

"Akaandika."

"Aliandika nini?"

"'Amekataa.'"

Nimelia, kisha nikatukana, kisha nikalia tena. Mtu ambaye Baba alimfukuza kama mwizi wa kuku ndiye huyohuyo aliyeona haya kumvulia nguo baba mkwe wake. Anataka heshima gani zaidi ya hiyo? Sentensi moja tu ingetosha: huyu ni mume wa binti yangu, mleteni mtu mwingine. Lakini ili aseme hivyo ilibidi akiri kwamba ana mkwe.

Machi 10

Sijaenda kazini. Nimeunguza sufuria mbili.

Machi 13

Leo tumekwenda kwa wakili wa klabu, mwanamke mwenye sauti ndogo na viatu vikubwa. Ofisi yake ina madirisha mawili na yote hayafunguki. Ametueleza kwamba anayekataa kupimwa anahesabiwa sawa na aliyenaswa, tena vibaya zaidi. Kiberiti amesimamishwa kuanzia leo. Akikutwa na hatia ni miaka minne nje.

"Miaka minne!" nimesema. "Hata hakukutwa na kitu!"

"Ndiyo hivyo. Hawana cha kupima, kwa hiyo wanadhani mabaya yote."

Mume wangu ana miaka ishirini na tisa. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaiweza. Hapo nikamweleza wakili kila kitu: Baba, posa, kiapo chake cha kutokuwa na mkwe, na jinsi Kiberiti alivyoona heri aache kazi kuliko kumvunjia mkwewe heshima. Nilieleza hadi koo likakauka. Kiberiti alikuwa ananitazama tu. Wakili akaweka kalamu chini.

"Sheria yao wenyewe inakataza shahidi kumtazama ndugu yake," alisema. "Tukionyesha kwamba baba yako alimtambua na bado akaendelea, kipimo chote kinaanguka. Lakini alipoajiriwa alisema hana ndugu kwenye ligi. Na wenzake wote wanasema alimtendea kijana kama mgeni."

"Cheti cha ndoa ninacho."

"Cheti kinaonyesha umeolewa. Hakionyeshi baba yako anamjua uliyeolewa naye. Hilo aseme yeye."

Yaani riziki ya mume wangu iko mdomoni mwa Baba. Mdomo ule naufahamu. Ukishafungwa hata panya hapiti.

Machi 17

Gazeti limeandika KIBERITI CHALOWA, kwa herufi kubwa kuliko za taarifa ya mafuriko. Fundi wa fremu, mwenzangu wa dukani, amesoma kwa sauti mbele ya wateja kisha akaniambia, "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Shemeji yetu kaficha, kazaa kesi."

Duka zima likacheka. Na mimi nilicheka, halafu nikaenda stoo nikalia.

Machi 21

Majibu ya Nahodha yametoka. Mkojo wake umekutwa na dawa. Amekiri palepale, akasema alikunywa dawa ya mafua aliyopewa na daktari wa timu. Wamemfungia miezi sita.

Mafua! Nimecheka hadi bosi akatoka ofisini kuniangalia. Kila anayenaswa duniani ana mafua. Kwa hiyo aliyekojoa dawa anapewa miezi sita, na asiyekojoa kitu anasubiri miaka minne. Haki gani hii? Alikuwa shahidi wa ndoa yangu, lakini leo nasema wazi kwamba amenichefua.

Machi 23

Nimekwenda kwa Baba.

Nimemkuta sebuleni anapiga pasi shati lake mwenyewe, maana tangu enzi za wodini hakuna mtu anayeweza kupiga pasi akaridhika. Mama aliponiona mlangoni alishika mdomo kwa mikono yote miwili. Baba hakuinua uso.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Akageuza kola. Mimi nikasimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

"Ulimtambua?"

"Tangu mlangoni. Masikio yale yanatambulika hata gizani."

"Na hukusema."

"Niliajiriwa kutazama mikojo, sikuajiriwa kutazama nasaba."

"Baba! Watamfungia miaka minne."

"Angekojoa."

"Mbele yako?"

"Mimi sina mkwe. Nilisema mbele ya wazee wenzangu, siwezi kwenda kusema lingine mbele ya vijana wenye kompyuta." Pasi ikaenda, ikarudi. Kisha akauliza, polepole, kama mtu asiyetaka kujibiwa, "Hivi yeye alikataa kwa nini? Wenzake hawana haya hata kidogo. Wanavua huku wanachezea simu. Yeye kilimshinda nini?"

"Kilimshinda wewe. Wewe huna mkwe, Baba. Yeye anaye."

Pasi ilisimama mahali pamoja na moshi ukaanza kutoka kwenye shati. Mama akakimbia akachomoa waya. Sijawahi kumwona Baba akiunguza nguo, na jambo hilo limenitisha kuliko kama angenifokea. Nikatoka bila kuaga.

Mama alinifuata hadi getini na kanga kichwani. "Mwache aive," alisema. "Baba yako ni maharage ya mwaka juzi. Yanaiva, mwanangu, ila kuni utazitafuta."

Machi 30

Mvua. Hakuna simu kutoka kwa Baba.

Aprili 2

Mvua. Kiberiti anakimbia peke yake uwanja wa shule asubuhi na kurudi na matope hadi kwenye kope. Simu hakuna.

Aprili 7

Bosi amemwita fundi wa paa. Nimeshtuka.

Aprili 16

Leo kesi imesikilizwa. Naandika haraka kabla sijasahau neno hata moja.

Ilikuwa chumba cha mikutano, ghorofa ya pili, zulia la kijani na feni inayolia. Waamuzi walikuwa watatu: jaji mstaafu aliyekuwa katikati, daktari, na mchezaji wa zamani mwenye kitambi. Kiberiti alivaa suti ya ndoa yetu. Wakili alinionya nisikohoe, nisigune, nisitikise kichwa. Baba aliitwa kama shahidi wa upande wao. Akaingia na suti yake ya kijivu, mistari ya suruali imenyooka, akakaa bila kutazama upande wetu. Roho yangu ikashuka hadi kwenye viatu.

Jaji akamuuliza alichokiona siku ile. Akaeleza vizuri, kama anasoma taarifa ya mgonjwa: kijana aliingia, akanawa, akaambiwa apandishe jezi, akasema hawezi.

"Mzee, unamfahamu kijana huyu nje ya kazi?"

Feni ikalia. Baba akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena.

"Huyu ni mkwe wangu."

Chumba kizima kikageuka. Mwanasheria wa upande wao aliangusha karatasi zake zote na hakuinama kuziokota.

"Amemuoa binti yangu, yule pale," Baba akaendelea. "Nilimtambua tangu mlangoni. Nilipaswa kutoka nikamwita mwenzangu, nikakaa. Ni kiburi changu. Haya aliyoiona kijana, mimi mkubwa ndiye niliyetakiwa kuiona kwanza. Kama kuna wa kuadhibiwa, mimi hapa."

"Unaelewa, Mzee, kwamba ulitia sahihi kuwa huna ndugu kwenye ligi?"

"Naelewa. Nilitia sahihi uongo."

Sikuwahi, katika maisha yangu yote, kumsikia Baba akitamka neno hilo juu yake mwenyewe. Nililia mbele ya waamuzi na wakili hakunikataza. Kiberiti aliinamisha uso, mabega yakawa yanatikisika. Nikamshika mkono. Nilipoinuka ili niende kumsalimu Baba, alikuwa ameshatoka.

Aprili 20

Kipimo kimefutwa! Kiberiti huru! Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio kwa jinsi tulivyorukaruka.

Aprili 25

Mama amepiga simu. Baba ameachishwa kazi, na jina lake limepelekwa kila shirika la vipimo ili asiajiriwe tena. Alipopokea habari hizo, Mama anasema, alikwenda kuoga, akavaa, akakaa sebuleni akasikiliza habari za michezo. Baba yangu, habari za michezo! "Ameuliza kama kijana atapangwa mechi ijayo," Mama akanong'ona.

Mzee niliyemwita katili mwezi mmoja uliopita ametoa kazi yake kwa ajili ya mume wangu. Nimeona aibu hadi masikio yamewaka.

Mei 3

Amecheza dakika zote, amefunga bao, goti halikutetereka. Watu wamewasha viberiti jukwaani, vya kweli, vikazimwa na mvua, wakawasha tena. Mwenyekiti wa klabu amesema mkataba uko tayari. Nimepata koo la chura kwa kushangilia.

Mei 4

Nimejaribu kuandika tangu saa nne asubuhi. Nimefuta, nimeandika, nimefuta.

Leo ni siku ya mapumziko. Kiberiti alikuwa kitandani, barafu juu ya goti, anaangalia bao lake kwenye simu kwa mara ya mia. Nikamletea chai. Akacheka peke yake, akasema, "Mungu akupe baba mkwe kama baba yako. Bila yule mzee kuingia pale mlangoni, nilikuwa nimekwisha."

"Umekwisha vipi? Si yeye ndiye aliyekutia matatani?"

"Kunitia? Aliniokoa. Kikopo nilikuwa nacho mkononi, mkojo umeshafika, sina pa kukimbilia. Ghafla anaingia mkwe! Nikasema Mungu yupo."

Sikuelewa. Naapa sikuelewa. Nilisimama na kikombe nikisubiri mwisho wa mzaha.

"Ulikuwa unamkimbia nani?"

Akaweka simu chini. Akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayesema haoni herufi kubwa ya juu kabisa.

"Acha utani," alisema. "Wewe si ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Sindano. Za goti. Yule jamaa wa gym. Ulidhani goti limepona kwa maji ya moto?"

Kikombe hakikuanguka. Nilikiweka mezani vizuri kabisa, na mpini nikaugeuzia upande wake. Sijui mikono yangu ilifanyaje kazi hiyo.

"Mke gani hajui?" alisema, na sauti imeanza kupungua. "Siku ile kwa wakili, ulivyoanza kueleza mambo ya heshima na mkwe, nikasema mke wangu ana akili kuliko benchi lote la ufundi. Mimi lile sikuwa nimeliwaza. Mimi nilikuwa nimekimbia tu."

"Ulimdanganya Baba."

"Nilimdanganya wapi? Waamuzi waliniuliza kwa nini nilitoka, nikasema shahidi ni mkwe wangu. Si kweli? Heshima umeisema wewe. Mzee kaenda kusema mwenyewe. Mimi nilimwambia neno moja: siwezi."

Na ni kweli. Nimerudi nyuma kwenye kurasa hizi, nimesoma Machi 9 tena na tena. Hakusema popote kwamba aliona haya. Niliandika mimi. Nilimvisha mume wangu vazi nililolishona mwenyewe, kisha nikalipeleka kwa Baba alipige pasi.

"Na jana?" nimemuuliza.

Akatazama goti. "Zimebaki mechi tatu tu. Nikishatia sahihi mkataba, naacha."

Mei 5

Mvua. Nimesaga lenzi ya kulia mara mbili, ya kushoto nikaisahau.

Mei 6

Amenunua viatu vipya vya mpira. Ameniuliza kama vinapendeza. Nimesema ndiyo.

Mei 9

Nahodha amekuja dukani na mama yake mzazi, anatafutiwa miwani ya kusomea. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Shemeji, hongereni," alisema, na uso wake haukuwa na hata chembe ya kijicho. "Nafurahi angalau mmoja wetu amepata haki."

Nilimuuliza kuhusu mafua, huku nainamia droo ili asinione. Alinieleza bila hasira. Alikuwa na homa kabla ya mechi, daktari wa timu akampa chupa ya dawa, akamhakikishia haina neno. Ilipogeuka kesi, daktari akasema hakumbuki. Klabu haikumlazimisha akumbuke.

"Mimi nilidhani nikisema ukweli mapema watanielewa," alisema. "Ningetoka mlangoni kama Kiberiti, labda sasa ningekuwa nacheza. Lakini kutoka kwenyewe hata hakukunijia akilini. Ukiitwa kukojoa, si unakojoa?"

Mama yake akasema, "Mwanangu huyu tangu utoto hajui kukimbia kiboko," na fundi wa fremu akacheka. Mimi sikuweza. Nilipima macho ya mama yule mara tatu kwa sababu namba zilikuwa zinanikimbia. Wiki saba nimemwita mwongo mtu huyu, ndani ya nyumba ambamo mwongo analala upande wa ukuta.

Mei 12

Baba amepiga simu. Mwenyewe, kwa simu yake, hakupitia kwa Mama. Anataka kuja Jumapili "kuwaona wanangu." Amesema wanangu.

Mei 14

Nimefungua mdomo mara mbili ili nimwambie Kiberiti aache, au nimpigie Baba, au nimwambie mtu yeyote. Mara zote mbili nimeuliza watu wanakula nini.

Mei 17

Ni Jumapili na mvua haijakatika tangu alfajiri.

Baba amekuja mchana, Mama amebaki nyumbani na mafua. Alipovua koti pale mlangoni nilidhani macho yananidanganya. Amevaa jezi ya timu, namba ya Kiberiti mgongoni, na ameipiga pasi hadi mikono ina mistari. Kiberiti akainuka kumpokea. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu." Wakashikana mikono kwa muda mrefu, na mimi nikaenda jikoni nikauma kitambaa cha kufutia vyombo.

Tumekula. Baba ameuliza kuhusu kona, kuhusu kuotea, akaonyeshwa kwa vijiko na kikombe cha chumvi. Alisema, "Watu wananiuliza kama najuta kupoteza kazi. Nawaambia kazi nimepoteza, mtoto nimepata. Mtu mwenye haya siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi." Kiberiti akatazama sahani. Mimi nilimtazama Kiberiti, nikisubiri. Akajiongezea mchuzi.

Saa kumi kamili, hodi.

Kiberiti alichungulia dirishani akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Nilikwenda nikatazama. Walikuwa wawili chini ya mwavuli mmoja, na begi la bluu la kuwekea barafu. Saa kumi ndiyo saa ambayo mchezaji ameandika kwamba atapatikana nyumbani, na watu wa vipimo wana haki ya kuja bila taarifa.

"Ni wale," Kiberiti akasema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia Baba. "Baba, nenda wewe. Waambie nimetoka. Wewe watakuamini."

Baba akacheka. Alicheka vizuri, kwa jino lake la pembeni, kama mtu anayetaniwa na mwanawe. Kisha akaona kwamba hakuna mwingine anayecheka.

"Mwanangu," aliniambia, "mwenzio anatania?"

Nadhani uso wangu ulijibu, kwa sababu Baba aliweka kijiko chini, akaishika meza kwa mikono miwili. Nimewahi kuona watu wakiambiwa kwamba hawataona tena. Hata wao hawakukaa hivyo.

"Kukosekana mara moja ni onyo tu," Kiberiti alikuwa anasema harakaharaka, mara kwangu, mara kwa Baba. "Wakili alisema. Onyo tu! Mwezi mmoja mwili unasafika. Mkataba natia sahihi Jumanne. Mke wangu, tafadhali. Mke wangu."

"Hodi wenyewe!"

Nikaenda. Kutoka meza hadi mlango si mbali, lakini nilikuwa na nafasi ya kuwaza yote: mkataba, magazeti, nyumba hii, masikio yale yaliyosimama ambayo bado nayapenda. Nikafungua.

"Habari za jioni, dada," alisema yule mkubwa, akikung'uta mwavuli. "Mwenyewe yupo?"

"Yupo," nikasema. "Karibuni ndani."

Wameingia. Wamemwona Baba na jezi yake, wakashtuka, wakamwamkia. Kiberiti amekwenda nao chooni bila kunitazama.

Naandika haya jikoni. Baba amekuja akasimama kwenye mlango wa jikoni, amevaa koti juu ya jezi na kulifunga hadi shingoni. Ameniuliza jambo moja tu.

"Siku ile ulipokuja nyumbani, napiga pasi. Ulikuwa unajua?"

"Hapana, Baba. Sikujua."

Amenyoosha kola ya koti kwa kiganja, kama anayepiga pasi. Kisha ameondoka, na mimi sijui kama ameniamini.